Mistari Niliyoinyoosha

Tulikuwa mafundi wawili kwenye baraza moja, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na mteja akiita "Fundi!" tuligeuka wote wawili. Mimi nilikuwa wa nguo, yeye alikuwa wa redio. Watu wa mtaa walitutenganisha kwa kusema Fundi Sindano na Fundi Waya. Sisi wenyewe tuliitana fundi mwenzangu, ingawa alinizidi umri kwa miaka kumi na zaidi, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kabla sijafunua cherehani. Aliitika marahaba bila kuinua kichwa. Ndivyo tulivyoishi katika ile miaka ya hamsini. Jina lake sitalitaja, maana mengi nitakayoyasema yananisuta mimi kuliko yanavyomhusu yeye.

Alizaliwa wapi, sijui. Watu wengine wakikaa barazani huanza na babu zao, yeye alianza na redio iliyo mbele yake. Ukimuuliza habari za nyumbani alikujibu habari za betri. Nilijua ana mke, kwa sababu chakula cha mchana kilikuja kwenye bakuli lililofungwa kwa kitambaa safi, na nilijua ana mgongo mbovu, kwa sababu jioni alipoinuka alishika kwanza nguzo, akatulia, ndipo akasimama. Hayo mawili yalinitosha kwa muda mrefu.

Alikaa upande wa kushoto wa mlango, pale mwanga wa asubuhi ulipoangukia, juu ya kibao kifupi. Mbele yake palikuwa na jiko la mkaa ambamo alipasha chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia nyaya, na harufu ya ile risasi ikaingia kwenye vitambaa vyangu hata wateja wakanilalamikia kwamba mashati yangu yananuka kama chungu cha mhunzi. Watu walipenda kumzunguka anapofungua redio, maana ndani mna taa ndogo za kioo, na kila mtu alitaka kujua mtangazaji anakaa wapi. Hakuwafukuza. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Nipishe mwanga," nao wakasogea. Aliwaambia wote maneno hayo, wakubwa kwa wadogo. Mimi hakuwahi kuniambia, kwa sababu nilijua pa kukaa.

"Redio haiharibiki," alizoea kusema. "Inachoka." Mteja akija na hasira kwamba redio yake imekufa, alimjibu hivyo, na yule mtu akapoa, kama kwamba ameambiwa mgonjwa wake atapona. Baadaye alianza kuyatumia maneno hayo kwa kila kitu. Mke wa jirani alipomwacha mumewe, alisema hajamwacha, amechoka. Mimi nilipopata homa wiki nzima alikuja kuniona, akakaa mlangoni, akasema, "Wewe huumwi, fundi mwenzangu. Umechoka." Nilitamani kumrushia kiatu.

Jambo lililotuchekesha ni kwamba mtu huyu wa redio hakupenda kelele. Akishatengeneza chombo, alikiwasha, akangoja mpaka sauti itoke, akasikiliza kwa muda wa pumzi mbili tatu, kisha akazima. Wimbo ungekuwa mtamu vipi, alizima. Tulimwomba aache tusikie, akasema, "Imeshasema. Inatosha." Redio yake mwenyewe tu, iliyokaa kwenye rafu nyuma ya kichwa chake, ndiyo aliyoiacha iseme jioni wakati wa habari, na baraza likajaa watu kuanzia wauza kahawa hadi wachukuzi waliotoka sokoni na vumbi la magunia bado mabegani. Hiyo aliiacha kwa ajili yetu. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa ameinamia karatasi.

Sasa nije kwenye karatasi, maana ndizo zilizomla.

Kazi alijifunza kwa mkono. Hakukuwa na shule ya kumfundisha mtu kama yeye, na hakukuwa na kitabu ambacho angekinunua akakisoma, kwa kuwa vilivyokuwepo vilikuwa vya Kiingereza na viliishia kwa wenye lugha hiyo. Kiswahili alikisoma polepole, Kiingereza hakukijua. Lakini aligundua mapema kwamba ndani ya kila redio, chini ya kifuniko au kwenye ubao wa nyuma, kiwandani walibandika karatasi yenye mchoro wa nyaya zake zote. Mchoro hauna Kiingereza kingi. Ni mistari, na mistari haina kabila. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kutafuta michoro kama wengine wanavyotafuta mke.

Tatizo lilikuwa mende. Karatasi zile zilibandikwa kwa gundi tamu, na mende wa Kariakoo hawakuacha kitu kitamu. Alifungua redio akakuta mchoro umeliwa katikati, mistari inaingia kwenye tundu na haitoki. Aliyasikitikia matundu yale kuliko redio yenyewe. Ukimwona ameshika kichwa, usidhani amepata habari ya msiba. Ni mende.

Mahali pengine alipotafuta ni kwa wauza karanga wa sokoni. Wakati ule karanga zilifungwa kwenye karatasi zilizochanwa kutoka vitabu na magazeti ya maofisini. Alipita asubuhi, kabla ya kufungua kazi, akaomba ruhusa ya kupekua rundo la karatasi za mama mmoja. Yule mama alimwonea huruma, akadhani anatafuta barua iliyopotea. Siku moja alipata nusu ya mchoro wa redio ya taa tano. Alirudi barazani anatembea kama mtu aliyebeba mayai. Nusu ya pili ilikuwa imeshauzwa na karanga ndani, na kwa wiki mbili alisimamisha watu mtaani wanaokula karanga ili aone wamefungiwa nini. Hakuipata. Ile nusu aliihifadhi hata hivyo, kwenye boksi la viatu pamoja na nyingine, na kila alipoitazama alisema, "Huyu mwenzake yupo mahali."

Boksi lile lilimletea jina. Watu wakimwona amefungua karatasi zenye alama na mistari, midomo inachezacheza, walisema Fundi Waya anasoma talasimu. Akaja mama mmoja na mtoto anayelia usiku, akamwomba amwandikie hirizi kama zile. Alimweleza kwamba hizi ni njia za umeme. Mama akasema huenda hata mtoto wake ana umeme. Mwishowe alimchorea kitu, alama ya betri nadhani, na mtoto akalala. Alinikataza nisimwambie mtu, nami nikamwambia kila mtu.

Maneno machache yaliyokuwa kwenye michoro alitafsiriwa na karani mmoja wa bandarini, aliyekuja kwangu kushonewa suruali. Karani alijua Kiingereza cha meli na mizigo, si cha redio. Palipokuwa na ule waya unaochomekwa ardhini nyuma ya nyumba ili redio isikorome, karani alisoma neno "earth", akafikiri, akasema, "Hii ni dunia." Basi ikawa dunia. Kwa miaka yote Fundi aliwaambia wateja, "Waya huu wa kijani upeleke duniani." Mzee mmoja alimuuliza, "Kwani sasa hivi uko wapi, mwanangu?" Fundi akamtazama bila kucheka, akamwonyesha udongo kwa kidole. Hakuona kichekesho. Kwake yeye neno lilikuwa sahihi kabisa.

Na alikuwa na namna yake ya kusoma. Hakuanza katikati. Alianza pembeni juu, kwenye waya wa angani, kule sauti inapoingilia. "Mgeni anaingilia mlangoni," alisema, kisha akamfuata mgeni huyo kwa ukucha wa kidole cha shahada, chumba kwa chumba, mpaka akatokea kwenye spika. Akipotea njiani alirudi mlangoni akaanza upya. Nimemwona akianza upya mara tisa jioni moja.

Kwa nini alijitesa hivi, na mikono yake tayari inajua kazi? Nilimuuliza. Alisema, "Mkono unajua ulichokishika jana. Mchoro unajua hata usichowahi kukishika." Kisha akaongeza la ukweli zaidi: mgongo. Kulikuwa na karakana moja ya kutengeneza redio, yenye meza ndefu na viti, iliyokuwa ikitafuta fundi. Mtu alipewa mchoro, akaambiwa asome, aunge. Akiweza, anapata kiti. Alisema neno kiti kama wengine wanavyosema pepo. Alikuwa amejiandikisha, na siku aliyopangiwa ilikuwa Jumatatu moja, wiki chache mbele. Nami, kwa kuwa hakuwa na shati la kwendea, nikaahidi kumshonea jeupe, lenye mifuko miwili.

Kabla ya siku hiyo alitaka kusoma michoro mizima, isiyoliwa na mende. Ilikuwepo, katika kitabu kikubwa chenye jalada jekundu, kwenye duka la redio kule Uhindini. Aliwahi kwenda kuomba akitazame, na fundi wa duka akamwambia kitabu si cha wa barazani. Hakurudi tena. Alikuwa mpole, lakini mlango uliofungwa mbele ya uso wake hakuugonga mara mbili.

Mimi mwenye duka alinifahamu, maana nilimshonea mapazia. Nikaenda kumwomba. Alinitazama juu ya miwani yake. "Fundi cherehani, tangu lini unatengeneza redio?"

"Si mimi, bwana. Ni mwenzangu wa barazani."

"Najua ni nani." Akafikiri kidogo, akiwa anafunga mlango wa mbele kwa mapumziko ya Jumamosi mchana. "Kitabu hakitoki dukani. Lakini ukitaka kukaa hapa kaunta wakati mimi nahesabu bidhaa, kaa. Sitakuuliza unafanya nini."

Fundi alifurahi mpaka akasahau kushika nguzo alipoinuka. Alisema afadhali niende mimi, hata kama si ile aibu ya zamani, kwa sababu mkono wake usiotetemeka ukishika koleo ulitetemeka ukishika penseli. "Wewe una mstari," aliniambia. Hakuna sifa iliyowahi kunikaa moyoni kama hiyo. Ni kweli, nilikuwa na mstari. Mtaa mzima ulijua pindo langu halipindi.

Basi Jumamosi iliyofuata nilichukua karatasi nyembamba zinazokuja ndani ya maboksi ya mashati, zinazoonyesha kilicho chini yake, nikaziweka juu ya ukurasa na kufuatisha mistari kwa penseli. Nilikuwa na haraka na jasho. Jumapili, nyumbani, nikaihamishia kazi ile kwenye karatasi ngumu ya khaki, ile ninayokatia nguo, kwa rula. Hapo nikaona kitu cha kunichukiza. Kwenye karatasi nyembamba, mahali mistari inapopishana, mmoja ulikuwa na kinundu kidogo, kama umeruka. Nikajua mkono wangu umeyumba. Kwa mshonaji kinundu kwenye karatasi ni kinundu kwenye bega la mteja. Nikavinyoosha vyote. Vilikuwa sita au saba. Nilipomaliza mchoro ulikuwa mzuri kuliko wa kitabuni, na nilijisifu peke yangu.

Ile karatasi nyembamba nikaitupia kwenye saraka, ile droo ndogo ya cherehani.

Wiki hiyo palikuwa na redio ya Mwarabu wa duka la kona, redio ya betri ambayo panya walikuwa wamekata nyaya zake zote. Ilikuwa ya aina ile ile ya kwenye mchoro. Fundi aliona ni bahati: ataiunga yote upya kwa kusoma, bila kubahatisha, iwe mazoezi ya Jumatatu. Alifanya kazi siku tatu. Siku ya tatu alisimama katikati, akaniita.

"Fundi mwenzangu. Hapa. Huu mstari wa betri kubwa na huu wa betri ndogo. Wanashikana?"

Nikainama, mtu nisiyejua betri kubwa na ndogo. Nikaona makutano yangu, yamenyooka vizuri. "Ni kama ilivyochorwa," nikasema.

"Moyo unakataa," alisema. Akaangalia mikono yake, akaangalia karatasi. "Lakini mkono si kitu. Mchoro ndio unaojua." Akaunga.

Mwarabu alikuja Alhamisi mchana, na watu wakajaa kama kawaida. Fundi akawasha. Taa zote nne zikang'aa kwa pamoja, nyeupe, kuliko nilivyowahi kuziona, zikazima, na hazikuwaka tena. Mwarabu hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na sauti, na aliitumia yote. Alisema mtu anayesoma hirizi asiguse vitu vya watu. Watu wakacheka. Fundi alisimama, akashusha redio yake kutoka kwenye rafu, ile ya habari za jioni, akamkabidhi. Kisha akakaa, akafunika jiko la mkaa kwa kifuniko. Baraza lilikuwa kimya jioni hiyo na jioni zote zilizofuata.

Jumamosi nilirudi dukani kuchora ukurasa wa pili, maana hakuwa amenikataza. Nikafungua kitabu, safari hii bila haraka. Vinundu vilikuwepo. Vimepigwa chapa, kwenye kila mchoro, kila mistari inapopishana bila kugusana. Na palipogusana, hapakuwa na kinundu. Hata mjinga wa nguo angeelewa. Kila kimoja kilikuwa kidaraja, mmoja anampita mwenzake juu, na rula yangu ilikuwa imewagusanisha, betri kubwa ikaunguza taa. Fundi alivijua siku zote kutoka kwenye karatasi zake za mende. Hakunieleza, nami sikuuliza, kwa sababu kila mmoja wetu alidhani kazi ya mwenzake haina siri. Nilifunga kitabu, nikamshukuru mwenye duka, nikarudi Kariakoo kwa miguu, nikijiambia nitamwambia nikifika.

Nilifika nikamkuta amejinyoosha chali kwa ajili ya mgongo, macho wazi. Nikasema nitamwambia kesho. Jumapili nilikaa karibu yake nikimalizia shati, kifungo kwa kifungo, naye akaniambia, akiangalia barabara, "Nimegundua mchoro hauingii kwenye kichwa changu. Nilikuwa najidanganya tu." Sindano ilinichoma kidole. Nikasema, "Usiseme hivyo." Hayo tu ndiyo niliyosema. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha wangu kwa sababu ya mstari, kwa sababu mtaa mzima ulijua pindo langu halipindi. Jumatatu shati lilikuwa tayari. Hakwenda. Alilipokea, akalikunja, akaniambia ahsante, na mimi nikakaa kwenye cherehani nikashona kanzu ya mtu mwingine mpaka jua likazama.

Baada ya hapo aliacha michoro. Boksi la viatu alimpelekea yule mama wa karanga. Redio alizitengeneza kwa kubahatisha, chache, kisha chache zaidi, na mvua za mwaka uliofuata zilipokatika akahama baraza. Nilisikia yuko Jangwani, bondeni, anatengeneza taa za karabai na majiko ya stovu. Si mbali. Mtu anaweza kwenda kwa miguu na kurudi kabla chai haijapoa. Ilinichukua miaka minne.

Saraka ya cherehani ilikwama siku moja. Nikaichomoa nzima, na nyuma yake, imekunjamana na vumbi la nyuzi, ilikuwemo ile karatasi nyembamba. Niliitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimechoka, na si kwa kazi. Nikaikunja, nikaondoka na mkasi bado mfukoni.

Nilimkuta nje ya chumba chake, kwenye kibao kile kile kifupi, amezungukwa na karabai. Amekonda. Alivaa lile shati jeupe, sasa rangi ya chai, kola imegeuzwa na mkono usio wangu.

"Shikamoo, fundi mwenzangu."

"Marahaba." Safari hii aliinua kichwa. "Umepotea sana."

"Kazi."

"Kazi," alikubali. "Mama atakuletea chai."

Nikampa ile karatasi kabla moyo haujageuka. Aliuliza ni nini. Nikamwambia ndiyo ya kwanza, niliyoifuatisha juu ya kitabu chenyewe, kabla ya ile ya khaki. Alijifuta mafuta ya taa kwenye suruali, akaifungua juu ya goti, akaweka ukucha pembeni juu, mlangoni. Nilidhani amesahau. Hakuwa amesahau. Ukucha ulitembea, ukageuka, ukashuka, ukasimama.

"Hapa pana daraja."

"Lipo."

"Kwenye ile yako halikuwepo."

"Nililinyoosha kwa rula. Nilidhani mkono wangu umeyumba."

Midomo ilicheza kama zamani. "Kwa hiyo nilisoma sawa," alisema.

"Ulisoma sawa. Hata moyo wako ulikuwa sawa."

"Na wewe ulijua lini?"

Ningeweza kusema leo. Karatasi ilikuwa na vumbi la kutosha kunisaidia. "Jumamosi ile nyingine. Niliporudi dukani."

"Jumamosi kabla ya Jumatatu."

"Ndiyo."

"Na Jumapili ukakaa pale unanishonea vifungo."

"Ndiyo."

Hakupandisha sauti. Aliangalia kifuani pake, kwenye vile vifungo, vyote vilikuwepo bado. Mkewe alitoka na chai, akaona nyuso zetu, akaiweka chini, akarudi ndani. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na hata kwa msamaha nilijiandaa, maana nilimjua ni mtu wa kusema fulani hakukosea, amechoka.

"Nipishe mwanga," alisema.

Nikatazama nikaona kweli kivuli changu kimelala juu ya karatasi. Nikasogea. Akairudisha sawa juu ya goti, akaweka ukucha pembeni juu, akaanza upya. Nilisimama kidogo nikingoja aseme neno jingine, kisha nikaondoka, na chai yangu ikabaki pale pale chini.